Mtoto Kalala, Ubongo Wake Uko Macho

Mwezi huu nataka tuzungumze kuhusu mtu wa tatu aliyeingia katika ndoa yako. Tulia shosti, usianze kupekua simu ya mumeo, sizungumzii nyumba ndogo! Namzungumzia yule kiumbe wa kilo tatu na ushee, asiye na jino hata moja, anayelala katikati yenu na kuwaamsha saa tisa za usiku.

Huyo mnayemwona hana analojua, kwamba kazi yake ni kunyonya, kulia na kuchafua nepi, ndiye mwanafunzi mwenye bidii kuliko wote ndani ya nyumba. Na somo lake kubwa ni ninyi wawili. Anawasoma mnavyoongea, mnavyonyamaza, mnavyocheka na mnavyogombana, na kwa kila anachokisoma ubongo wake unajijenga. Wataalamu wa ubongo wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mimi nikisoma wanayoyaeleza naona ni habari ya mapenzi kuliko habari ya hospitali, ndiyo maana nimeileta kwenye kurasa hizi.

Wengi wetu tukipata mtoto swali la kwanza ni tumnunulie nini. Kitanda chenye chandarua cha maua, midoli inayoimba, tableti ya kumfundisha herufi. Hakuna ubaya kama hela ipo. Lakini kinachojenga ubongo wa mtoto hakiuzwi Kariakoo wala Mlimani City. Ni jinsi watu wazima wa nyumba hiyo wanavyomjibu yeye, na wanavyojibizana wenyewe kwa wenyewe.

Mtaa unaochongwa barabara

Tuanze na ubongo wenyewe. Mtoto anapozaliwa, ubongo wake unakuwa na takriban robo ya uzito wa ubongo wa mtu mzima. Akifikisha miaka miwili tu, ukubwa wake umeshapita asilimia 80 ya ule wa mtu mzima. Ndiyo maana watoto wadogo wana vichwa vikubwa ukilinganisha na viwiliwili vyao. Kichwani ndiko ujenzi unakoendelea.

Sasa kinachoongezeka humo ndani ni nini? Mtu mzima ana seli za neva takriban bilioni 86 katika ubongo wake, na nyingi kati ya hizo mtoto anazaliwa nazo tayari. Ila zimekaa kama viwanja vilivyopimwa katika mtaa mpya ambao barabara bado hazijachongwa. Kazi kubwa ya miaka ya mwanzo ni kuchonga hizo barabara, yaani kuunganisha seli na seli. Kituo cha Maendeleo ya Mtoto cha Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kinakadiria kuwa katika miaka hiyo ya mwanzo ubongo hutengeneza miunganiko mipya zaidi ya 1,000,000 kila sekunde. Kila sekunde, jamani! Ukimaliza kusoma aya hii mwanao ameshachonga njia za kutosha.

Lakini si kila njia inabaki. Mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari mmoja wa Chicago aitwaye Peter Huttenlocher alikaa na darubini akihesabu miunganiko hiyo katika ubongo wa watu waliofariki wakiwa na umri tofauti tofauti. Akakuta jambo lililowashangaza wengi: mtoto mdogo ana miunganiko mingi kuliko mtu mzima. Maana yake ubongo unatengeneza njia nyingi kupita kiasi, halafu unapunguza. Njia inayopitwa kila siku inapanuka na kuwekwa lami. Ile isiyopitwa inaota majani, mwisho inafutika.

Kila sehemu ya ubongo ina ratiba yake. Sehemu ya kuona inafikia kilele cha miunganiko ndani ya mwaka wa kwanza. Ile ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayotusaidia kupanga mambo, kujizuia na kufikiri kabla ya kutenda, inaendelea kujengwa mpaka ujanani. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili anapojigaragaza dukani kwa sababu ya pipi, usidhani anakukomoa. Breki zenyewe bado hazijafungwa.

Na nani anaamua njia ipi ipite lami na ipi iote majani? Ni matumizi. Mtoto anayesemeshwa anajengewa njia ya maneno. Anayebembelezwa akilia anajengewa njia ya kutulia. Anayeishi kwa hofu, naye njia ya hofu inapitwa kila siku mpaka inakuwa barabara kuu.

Hodi! Karibu!

Wataalamu wanaeleza kwamba ujenzi huu unakwenda kama watu wawili wanaorushiana mpira. Mtoto anarusha kwanza: anakutazama, anatoa sauti, ananyoosha kidole. Wewe unarudisha. Unamtazama, unamjibu, unamtajia kile alichoonyesha. "Eeeh, umeona paka! Paka anakimbia!" Anarusha tena, unarudisha tena. Basi, ndiyo shule hiyo. Haina ada wala sare.

Ukifikiri vizuri utaona bibi zetu walilijua hili bila kuingia maabara. Utamaduni wetu umejaa maneno yasiyokamilika mpaka mwenzio ajibu. Mmoja anapiga hodi, mwingine anasema karibu. Mmoja anasema kitendawili, mwenzake anasema tega. Hata shikamoo bila marahaba inaning'inia hewani. Bibi akimpakata mjukuu na kumsemesha, "Enhe, babu yangu, unasemaje? Umekula nini leo?", kisha akanyamaza kidogo kumngoja huyo "babu" wa miezi minne aguune, alikuwa anafanya kazi ya ujenzi. Sisi tukamwona bibi anapoteza muda.

Je, televisheni haiwezi kumfundisha? Inaongea kutwa nzima, haichoki! Swali hilo lilipimwa. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walitoa matokeo ya jaribio lao kwa watoto wa Kimarekani wa miezi tisa. Kundi moja lilikaa na watu waliocheza nao na kuwasomea vitabu kwa Kichina, vipindi 12. Kundi la pili likaonyeshwa mambo yale yale kwenye televisheni. La tatu likasikilizishwa sauti tu. Mwisho wa yote, watoto waliokaa na mtu wa kweli waliweza kutofautisha sauti za Kichina. Wale wa televisheni na wa sauti hawakupata kitu.

Kwa nini? Kwa sababu televisheni hairudishi mpira. Mtoto akiguuna, katuni inaendelea na mambo yake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne asizidi saa moja kwa siku, ikiwa pungufu ni bora zaidi. Kioo ni pamoja na hiyo simu yako unayompa ili unywe chai kwa amani.

Hapo hapo niseme na wale wenzangu wa Kiingereza cha kuungaunga. Unamsemesha mtoto lugha ambayo wewe mwenyewe inakupiga chenga, ukimaliza sentensi mbili umeishiwa, mnabaki kutazamana. Mtoto anahitaji lugha unayoimudu, ile unayoweza kumtania nayo, kumbembeleza nayo na kumsimulia habari ya sungura na fisi. Kiswahili, Kichaga, Kisukuma, Kiha, vyote ubongo wake unavipokea, hata viwili kwa pamoja. Kiingereza atakikuta shuleni.

Uso ulioganda

Kuna jaribio jingine ambalo kila mwenye ndoa angelijua. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Edward Tronick, alimketisha mama mbele ya mwanawe mchanga wacheze kama kawaida. Kisha mama akaambiwa ageuke, na akirudi aukaushe uso. Asicheke, asinune, asiseme, amtazame tu mtoto kwa dakika chache.

Mtoto anashtuka hapo hapo. Kwanza anajaribu kumchangamsha mama: anatabasamu, ananyoosha kidole, anapiga kelele, anamnyooshea mikono. Mama kimya. Mwisho mtoto anageuza uso pembeni, anajikunyata au anaanza kulia. Hakuna aliyempiga wala kumnyima maziwa. Kilichomuumiza ni kukosa jibu.

Nalisema hili nikimkumbuka mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye ameniruhusu nisimulie yake mradi nisimtaje jina. Mwanawe wa kiume alitimiza miaka miwili akiwa na maneno manne tu. Akitaka kitu alikuwa ananyoosha kidole na kulia. Kila mtu akatoa hukumu yake. Mama mkwe akasema ana udata, akakatwe ulimi. Jirani akasema ni kijicho cha watu. Shemeji akasema, "Mwacheni, hata mimi nilichelewa kuongea."

Nilikaa kwao wiki moja nikiwa na shughuli zangu Dar es Salaam. Nyumba safi, friji imejaa, televisheni kubwa ukutani imewashwa tangu asubuhi. Kilichonishangaza ni ukimya wa wenye nyumba. Mtu na mkewe walikuwa wamenuniana. Shemeji aliuza kiwanja cha Kigamboni bila kumshirikisha mwenzake, na tangu siku hiyo wakawa wanatumiana salamu kupitia kwa hausigeli. "Mwambie baba chakula tayari." "Mwambie mama nimekula kazini." Na hausigeli mwenyewe alikuwa ameonywa aache kupiga soga, afanye kazi.

Siku ya tatu nilimwona yule mtoto ameokota kizibo cha soda. Akampelekea baba yake. Baba yuko kwenye simu, hakuinua macho. Akampelekea mama yake. Mama amekaa anatazama dirishani, akakipokea bila neno na kukiweka mezani. Mtoto akakichukua tena, akakitazama, akakitupa chini ya kochi. Kisha akaenda kukaa mbele ya televisheni. Wala hakulia.

Usiku ule nilimfuata mdogo wangu jikoni. Nikamwambia, "Mama, ugomvi wenu wa kiwanja siujui, na sitauingilia. Ila huyu mtoto katika nyumba hii ataongea na nani?" Akaweka sufuria chini, akalia.

Sisemi kwamba kununiana kwao ndiko kulikomchelewesha mtoto. Watoto huchelewa kuongea kwa sababu nyingi. Wapo wenye matatizo ya masikio, wapo wenye usonji, wapo wanaochelewa tu, na wazazi wao hawana kosa lolote. Ndiyo maana hatua ya kwanza ilikuwa hospitali, akapimwa usikivu. Akaonekana anasikia vizuri. Udata hakuwa nao. Baada ya hapo mtaalamu wa lugha na matamshi akawaita wazazi wote wawili na kuwapa kazi ya nyumbani. Televisheni izimwe, mtoto akileta kitu kipokelewe kwa maneno, wakati wa kula watu wakae pamoja na waongee.

Sharti la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Uongeeje na mtu uliyemnunia miezi mitano? Walianza kwa shida, wanaongea kwa sababu ya mtoto. "Baba, mwonyeshe mwanao ugali." "Ugali huu hapa, wa moto." Shemeji ananiambia siku ya kwanza alijisikia kama mwigizaji wa bongo muvi. Lakini mdomo ukishafunguliwa kwa ajili ya ugali, kesho yake unafunguka kwa mengine. Suala la kiwanja wakaliitia kikao cha wazee, likazungumzwa, shemeji akaomba radhi. Mtoto leo ana miaka minne, anauliza maswali mpaka unaomba poo.

Usiku wa manane

"Sisi hatugombani mbele ya mtoto, tunangoja alale." Nimeshasikia wanandoa wengi wakijisifu hivyo. Samahani, nina habari mbaya kidogo.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, Alice Graham na wenzake, walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 20 wa kati ya miezi 6 na 12. Watoto hao waliingizwa kwenye mashine ya MRI wakiwa wamelala fofofo usingizi wao wa kawaida, kisha wakasikilizishwa sauti ya mwanaume, mara ya kawaida, mara ya furaha, mara ya hasira. Ubongo wa watoto ulionyesha kuzitofautisha sauti hizo ingawa wenyewe wamelala. Na kwa wale ambao nyumbani kwao wazazi wanagombana sana, sauti ya hasira kali iliziamsha zaidi zile sehemu za ubongo zinazohusika na hofu na kujituliza.

Mtu akiogopa, mwili unatoa homoni ya kotisoli. Kidogo si mbaya. Mtoto akichomwa sindano ya chanjo analia, unambeba, anatulia, mambo yanaisha, na huo nao ni mazoezi. Shida ni pale hofu inapokuwa ya kila siku na hakuna wa kumtuliza, kwa sababu wanaotakiwa kumtuliza ndio wanaofokeana. Hofu ya namna hiyo ikidumu inavuruga ujenzi, hasa sehemu za kumbukumbu na za kujizuia.

Sasa tufanye nini, tusigombane kabisa? Nani ataweza! Habari njema inatoka kwa Tronick yule yule wa uso ulioganda. Alipowachunguza akina mama wa kawaida wanaowapenda watoto wao, alikuta muda mwingi mama na mtoto hawaelewani. Mama anacheka mtoto hataki, mtoto anataka mama hajaona. Kinachomjenga mtoto ni kurudiana baada ya kukosana. Mama anagundua, anamgeukia, wanaanza tena. Na kwa wanandoa ni hivyo hivyo. E. Mark Cummings wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, ambaye amechunguza ugomvi wa wazazi kwa miongo kadhaa, ameonyesha kwamba watoto wanaoona ugomvi ukimalizwa hutulia kuliko wale wanaouona unaachwa njiani.

Kwa hiyo mkikosana mkapatana chumbani, toeni na upatanisho sebuleni. Mtoto aliyesikia mnafokeana asubuhi aone jioni baba anamwambia mama, "Nisamehe, nilikasirika." Hapo mmemchongea barabara ambayo mkwe wenu wa baadaye atakuja kuwashukuru.

Walishiba, lakini hawakuwa na mtu

Kama bado unadhani chakula na paa vinatosha, sikiliza ya Romania. Utawala wa Ceausescu ulipoanguka Desemba 1989, dunia ilikuta zaidi ya watoto 100,000 katika vituo vya serikali. Watoto wachanga walilala kwenye vitanda vilivyopangwa mistari, mlezi mmoja kwa watoto wengi. Walilishwa na kubadilishwa nepi kwa ratiba. Wengi waliacha hata kulia, kwa sababu kulia hakukuleta mtu.

Kuanzia mwaka 2000 wanasayansi watatu wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walifuatilia watoto 136 wa vituo vya mji wa Bucharest. Kwa bahati nasibu, nusu yao walipelekwa kwenye familia za malezi ya kambo, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya vituoni. Matokeo waliyotoa mwaka 2007 yalionyesha waliopata familia wana akili nyepesi zaidi katika vipimo, na waliofaidika zaidi ni waliotoka vituoni kabla ya kufikisha miaka miwili.

Hapo kuna onyo na kuna faraja. Onyo ni kwamba miaka ya mwanzo haisubiri upate cheo, umalize nyumba au mrudiane "mambo yakitulia". Udongo uwahi ungali maji. Faraja ni kwamba ubongo haufungi mlango mtoto akizima keki ya pili. Kujifunza kunaendelea maisha yote, ila njia iliyocheleweshwa inadai nguvu zaidi kuichonga. Ukianza leo na mtoto wa miaka mitano, anza. Usikae kulia.

Siku 84 za mama, siku 3 za baba

Najua unachotaka kuniambia. "Dada, mimi natoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku. Huo mpira nitaurusha saa ngapi?" Ni kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya angalau siku 84 na baba angalau siku 3. Baada ya hapo mtoto anabaki na mtu mwingine sehemu kubwa ya mchana.

Basi huyo mtu mwingine ndiye fundi mkuu wa ubongo wa mwanao. Awe hausigeli, bibi au mama wa kituo cha kulea watoto, mpe heshima ya fundi. Binti unayemlipa kiduchu, unayemgombeza kutwa na kumkataza kuongea, atamlea mwanao kwa uso ulioganda. Mwambie waziwazi kwamba kucheza na kupiga soga na mtoto ni sehemu ya kazi, tena ndiyo kazi yenyewe, vyombo vitasubiri.

Na akina baba mnaosoma kwa kujificha, msigeuze ukurasa. Mtoto haangalii nani aliyemzaa kwa uchungu, anaangalia nani anamjibu. Ruth Feldman na wenzake nchini Israeli walionyesha mwaka 2010 kwamba homoni ya oksitosini, ile ya mapenzi na kushikamana, inapanda kwa akina baba kama kwa akina mama katika miezi ya kwanza ya kulea. Kwa akina baba inaendana na michezo ya kumchangamsha mtoto. Kwa hiyo ukimrusha mwanao juu akacheka, usiseme unamsaidia mkeo. Unamlea mwanao.

Serikali nayo imeliona jambo hili. Desemba 2021 ilizindua jijini Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayoangalia watoto kuanzia tumboni mpaka miaka minane. Programu hiyo inahesabu afya, lishe, ulinzi, ujifunzaji wa awali na malezi yenye mwitikio. Mwitikio ndio ule ule mpira wetu.

Lishe nayo tusiipuuze, maana barabara haichongwi bila vifaa. Mfereji unaogeuka kuwa ubongo na uti wa mgongo unafunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, wengi wetu tukiwa hata hatujajua. Ndiyo sababu mwanamke anayepanga kupata mtoto anashauriwa kuanza vidonge vya foliki asidi mapema. Tumieni chumvi yenye madini joto, na mama mjamzito ameze vidonge vya damu anavyopewa kliniki. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na udumavu hauishii kwenye urefu tu.

Fanyeni haya

Kwa leo chukueni machache, myabandike hata kwenye friji:

- Mtoto akitoa sauti, jibu, kisha nyamaza umngoje. Usiongee peke yako kama redio.
- Taja unachofanya ukimwogesha, ukimvalisha, ukimenya viazi. Wala huhitaji muda wa ziada.
- Mfiche uso kwa kanga, mwimbie, mpigieni makofi, msimulieni hadithi kila usiku, hata kama ni ile ile.
- Chakula cha jioni kiliwe bila televisheni na bila simu, hata mara nne kwa wiki.
- Akilia mchukue. Mtoto mchanga hadekezwi kwa kubembelezwa.
- Mkigombana, shusheni sauti. Mkipatana, apate kuona.
- Usimtikise mtoto mchanga kwa hasira hata siku moja, ubongo wake unaweza kuvuja damu. Ukizidiwa mlaze salama, toka nje upumue.

Na mpelekeni hospitali mapema mkiona hashtuki kwa sauti kubwa, amefika mwaka mmoja hatoi sauti za kubwabwaja wala kunyoosha kidole, ana mwaka na nusu hana neno hata moja, ana miaka miwili hajaunganisha maneno mawili, au alikuwa anaongea akaacha. Waulizeni kwanza kuhusu masikio. Ya udata na kijicho yaje baadaye.

Mwezi huu basi, badala ya kuuliza mwenzio amekuletea nini, jaribuni hili. Zimeni televisheni usiku mmoja, kaeni chini kwenye mkeka watu watatu, mtoto katikati, na mwacheni yeye aanze mazungumzo. Mnaweza kushangaa ni nani kati yenu wawili alikuwa na hamu zaidi ya kusemeshwa.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.